Mlango Usio na Kibao

Mwezi uliopita mama mmoja alinipigia simu usiku. Hakujitambulisha. Aliniita tu Mwalimu, akaniuliza kama naifahamu ile dawa ya kumtilia mtu kwenye chai akaacha pombe bila mwenyewe kujua. Alikuwa ameshanunua mbili. Ya kwanza ilikuwa unga wa kahawia wa mtaalamu mmoja aliyebandika matangazo kwenye nguzo za umeme pale Mwanjelwa, yale yanayoahidi nguvu za kiume, mvuto wa biashara na kurudisha mpenzi kwa karatasi moja. Ya pili aliagiza Tunduma. Mume alikunywa chai yote, akasifia tangawizi, akaenda zake kilabuni.

Nilimweleza kwamba dawa ya kumfanya mtu aichukie pombe ipo kweli, ila si hiyo. Inaitwa disulfiramu. Mwaka 1948 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliandika kwamba aliyeimeza akinywa pombe uso humwiva, moyo humwenda mbio na hutapika. Lakini daktari humpa mgonjwa anayejua anachomeza na aliyekubali, tena akiwa chini ya uangalizi. Ukimtilia mtu kwa siri, akaenda kunywa kama kawaida yake, unaweza kurudishiwa maiti. Mama yule alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, nimpeleke wapi?"

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Niliwahi kuzunguka nalo Mbeya nzima.

Nimekulia Iringa, Kihesa, kwa mama aliyepika komoni. Kimea cha ulezi kilianikwa uani, unga wa mahindi ukapikwa, pipa likafunikwa kwa gunia, na nyumba nzima ikanuka uchachu. Mama hakuwahi kuionja. Alikuwa Mlutheri wa kwaya ya akina mama, na mchungaji alijua chanzo cha sadaka yake na hakusema kitu. Kujua kama imeiva, mama alifunua gunia, akainama, akatega sikio kwenye mdomo wa pipa na kusikiliza povu likipasuka. "Bado inanong'ona," alisema, na pipa likafunikwa tena. Akisema "Leo inaongea," sisi watoto tulianza kupanga mabenchi.

Masika yalituletea ulanzi. Wanaoufahamu hawahitaji kuelezwa: wagema hukata ncha ya chipukizi changa la mlanzi, yaani mwanzi, hutega mbeta ya kukingia, na hurudi asubuhi na jioni kuikata ncha upya na kukinga kilichodondoka. Ukiwa wa leo ni togwa, mtamu, watoto hunywa. Ukilala unakuwa mkangafu, na huo una maneno yake. Ulitufikia kutoka Kilolo kwa madumu, juu ya baiskeli na malori ya mbao. Ada yangu ya sekondari, godoro la bweni, nauli ya chuo cha ualimu, vyote vililipwa kwa noti zilizolowa za wanywaji. Kwa hiyo mtu akianza kuhubiri kwamba wapika pombe ni mawakala wa shetani, huwa natoka nje kupunga upepo.

Kilichonikaa kichwani kuliko yote ni mabenchi yale. Sikumbuki mtu aliyekuja kwa mama akanywa peke yake. Mzee aliingia, akaamkiana na wote mmoja mmoja, "kamwene, kamwene," akasogezewa nafasi, akapokezwa lita ya mwenzake apige funda kabla hajaagiza yake. Hapo palizungumzwa mahari, mipaka ya mashamba, bei ya mbolea na msiba wa jana. Upande wa Rungwe nilikuja kukuta mambo yale yale kwa chombo kingine: kimpumu ya ulezi, maji ya moto yakiongezwa, watu wameuzunguka mtungi na mirija yao. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, alitoa kitabu mwaka 1951 akakiita Good Company, kwa kuwa alichokiona kikithaminiwa kule ni watu wa rika moja kukaa, kula na kunywa pamoja. Ukimwambia mtu wa Nyanda za Juu aache pombe, unamwambia pia aondoke kwenye benchi lake. Wengi wanaotoa ushauri huo hawajawahi kumwonyesha benchi jingine.

Nilipopangiwa kufundisha Mbeya, mimi sikuwa na benchi. Mwalimu wa kike hakai kilabuni. Mzazi mmoja akikuona, kesho shule nzima inajua. Lakini kulikuwa na viroba. Kile kipakiti cha plastiki cha pombe kali kilienea kwenye mkoba, kwenye boksi la chaki, ndani ya soksi. Ukikichana kwa meno hakipigi kelele. Nilijifunza kunywa bila salamu, bila hadithi, bila mtu wa kuniambia kwamba leo nimezidisha. Asubuhi nilizimua kwa kimoja ili mkono utulie niweze kuandika tarehe ubaoni. Mlevi wa kilabuni ana watu hamsini wanaojua hali yake. Mimi nilijulikana na muuza duka mmoja tu, naye alikuwa mstaarabu mno kusema.

Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba viroba vingepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi. Nilifurahi sana. Nilijiona nimepata mlinzi: kwa kuwa siwezi kuacha, Serikali imeniachisha. Wenye busara walikwisha kusema kwamba watu wangehamia kwenye chupa, na wengi walihamia. Mimi niliamua kuitii sheria kwa moyo wote na nikakata ghafla.

Mwili haukuwa umesoma tangazo. Siku ya kwanza nilitetemeka mpaka chaki ikanidondoka. Usiku wa pili sikulala, jasho lilichuruzika ilhali Mbeya ilikuwa na baridi yake ya kawaida, na nikaanza kuona watu wamekaa kwenye kingo za kitanda, wamenipa mgongo. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka hospitali kwa bajaji. Tabibu wa zamu alikuwa kijana, ila alijua kazi yake. Alinipa dayazepamu na vitamini B1, kisha akanieleza jambo ambalo hakuna mhubiri wala tangazo la nguzoni lililowahi kunieleza: kwamba mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hatakiwi kukata ghafla akiwa peke yake, kwa sababu anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Akapimwe kwanza, asaidiwe kushuka. Nimekaa kwenye misiba ambayo wafiwa walisema marehemu "alirogwa alipoamua kuokoka, maana aliacha pombe Jumatatu na Alhamisi akafa." Sasa nasikiliza hesabu hiyo ya siku kwa masikio mengine.

Nilitoka hospitali nikiwa msafi, na bila kitu cha kufanya jioni.

Kutafuta kulianza kanisani, kama ilivyo kawaida yetu. Sitataja dhehebu. Waliniombea kwa dhati, na wapo akina mama waliofunga kwa ajili yangu bila kuniambia. Lakini utaratibu ulikuwa kwamba mtu aliyejulikana kwa ulevi atengwe kwenye Meza ya Bwana hadi atubu mbele ya usharika, na mtu aliyetengwa hukaa viti vya nyuma. Sielewi mpaka leo kwa nini ugonjwa wa upweke utibiwe kwa kumhamishia mgonjwa nyuma.

Nikasikia kwamba hospitali moja kubwa ya Mbeya ina kliniki ya waraibu. Nilikwenda siku ya mapumziko, nimejifunga kitambaa hadi machoni. Ilikuwa ya methadoni, huduma iliyoanza kutolewa Mbeya mwaka huo huo wa 2017, kwa wanaotumia heroini. Vijana walipanga foleni dirishani, kila mmoja akapewa kikombe chake, akanywa mbele ya mhudumu, akaaga. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Wao walikuwa na dirisha. Taifa limejenga mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya kwa sheria ya mwaka 2015, lina namba ya simu ya bure, 119, na lina nyumba za upataji nafuu kuanzia Zanzibar hadi bara, hasa kwa ajili ya unga. Pombe, ambayo imejaza wadi zetu kuliko unga, kwa sehemu kubwa tumeiachia familia na maombi. Muuguzi mmoja aliniona nimesimama bila foleni, akaniuliza taratibu ninatafuta nini. Nilipomwambia, alichukua kadi ya kliniki iliyoharibika, akaandika namba ya simu nyuma yake. "Piga baada ya saa kumi," alisema. "Usimuulize jina."

Kadi ile nilikaa nayo muda mrefu kabla sijapiga.

Namba ile ilikuwa ya kundi la Alcoholics Anonymous (AA), watu wanaosaidiana kuacha pombe. Kundi lilikutana Jumamosi alasiri, katika chumba nyuma ya jengo moja ambalo sina ruhusa ya kulitaja. Ilikuwa Julai, ukungu umeufunika mlima Loleza hadi kiunoni. Mtaa ule ulikuwa na kibao kwa kila kitu: fundi cherehani, kuchaji simu, mbegu za viazi, saluni ya kiume, na baa tatu zenye majina ya kupakwa rangi ukutani. Chumba nilichokitafuta kilikuwa na mlango wa mbao usioandikwa chochote. Nilipita kama mtu anayekwenda kwingine, nikanunua karanga nisizozihitaji, nikarudi, nikapita tena. Aliyeniokoa ni mzee aliyetoka nje kumwaga makapi ya chai. Aliniangalia, akaziangalia karanga, akasema: "Lete hizo, sisi tuna chai tu."

Ndani walikuwa wanaume, wamekaa kwenye mabenchi yaliyozungushwa, na chupa moja ya chai ya rangi katikati, juu ya kigoda. Ukutani palikuwa na hatua kumi na mbili zimeandikwa kwa mkono kwa kalamu ya wino mzito, tafsiri ya mtu ambaye sarufi haikuwa fani yake. Kidole changu cha mwalimu kiliwasha. Yalipoanza mambo ya kujitambulisha, kijana mmoja mgeni kama mimi alisimama akaanza kama tulivyofundishwa sote: jina la kwanza, la baba, la babu, kijiji, wilaya, kabila. Mzee wa chai akamkatiza kwa upole, "La kwanza linatosha, mwanangu. Na kama hulitaki, tupe lolote." Kijana alibaki amesimama, hajui aendelee na nini. Kwetu mtu asiye na ukoo ni mtu wa kutiliwa mashaka.

Zamu yangu ilipofika nilimtambua mtu wa benchi la mkabala. Alikuwa mzazi, nilishawahi kumwita shuleni kwa utoro wa mwanawe. Nilianza kukusanya mkoba wangu. Akanisalimu, "Karibu, Mwalimu," kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida: "Mimi nimekuona hapa, nawe umeniona hapa." Watu wakacheka, nami nikakaa. Tangu siku hiyo jina langu katika kundi ni Mwalimu, wala hakuna aliyeuliza jingine. Usiri ambao vitabu vya AA vinausisitiza nilidhani hauwezekani katika miji yetu, ambako hata muuza mchicha anajua umetokea tarafa gani. Kumbe tuna mazoezi nao ya miaka mingi. Nimeishi na majirani nikiwaita Mama Tumaini na Baba Faraja hadi wakahama, na sikuwahi kuyajua majina yao halisi.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa jingine. Mtu alizungumza, akamaliza, na hakuna aliyemshauri. Mmoja alieleza jinsi alivyouza mabati ya nyumba aliyokuwa anajenga, bati moja moja, mpaka mvua ikamkuta. Nilingoja wazee waliokuwamo waanze, maana katika baraza lolote nililowahi kukaa, kijana akieleza kosa lake, mzee husafisha koo na nasaha hufuata, na methali juu yake. Mzee wa chai alisema "Asante," kisha akaeleza yake: alivyomwuza ng'ombe wa mahari ya binti yake. Basi. Akaanza mwingine. Hakuna aliyesema "jikaze." Hakuna aliyeuliza "lakini kwa nini?" Kila mtu alilipa neno kwa neno lake. Saa moja ilipita hivyo, na sehemu kubwa ya saa hiyo ilikuwa kicheko, kile cha uani kwa mama, cha watu wanaojuana udhaifu. Hicho ndicho nilichokikosa miaka yote ya viroba. Nilikuwa nimedhani nakunywa kwa sababu ya pombe.

Miaka michache baadaye niliomba uhamisho kurudi Iringa kumwuguza mama. Zaidi ya kilomita 300 zikakaa kati yangu na lile benchi: Uyole, Igurusi, Makambako, Mafinga. Dar es Salaam na Arusha kuna mikutano ya AA; Iringa sikuupata mlango wowote, na nilikuwa sasa najua milango hiyo haiandikwi. Nilipiga simu Mbeya kila jioni mpaka mzee wa chai akachoka. Siku moja aliniambia: "Mwalimu, tafuta mlevi mmoja tu. Walianza wawili."

Alikuwa sahihi. Mei 1935 Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa hotelini Akron, Ohio. Biashara imeharibika, mfuko mtupu, na upande mmoja wa ukumbi baa imechangamka. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, akahisi anakwenda kuirudia. Badala ya kuingia baa aliingia kwenye simu, akayapigia makanisa akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Simu zile zilimfikisha kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika kumi na tano kwa kumridhisha mkewe. Walizungumza zaidi ya saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku Smith alipokunywa mara ya mwisho, ndiyo AA wanayoihesabu kuwa kuzaliwa kwao.

Wangu nilimpata stendi, dereva mstaafu wa malori ya Zambia. Tulikuwa tunapanda jiwe la Gangilonga jioni, na chai kwenye chupa, tukionekana kama wachumba waliochelewa. Kisha tukawa wanne, tukaomba chumba.

Mwaka huu tumegombana kwa karatasi. Nilipendekeza tubandike tangazo zahanati: unataka kuacha pombe, piga namba hii. Dereva alikataa katakata. Alinisomea mapokeo ya AA, yale kumi na mawili yaliyopitishwa mwaka 1950, kwamba kundi huvuta watu kwa mfano wake, halijitangazi, na kwamba majina ya watu hayaendi magazetini wala redioni. Nilimwuliza Bill Wilson alipata wapi namba za makanisa pale hotelini. Hakujua. Zilikuwa ukutani, kwenye orodha ya makanisa iliyotundikwa ukumbini. Orodha ile isingetundikwa, angeingia baa. Kinachofichwa ni majina ya waliomo. Mlango hauna haya ya kuonekana. Waganga wa nguzoni wanalijua hilo kuliko sisi. Tulibishana Jumamosi mbili, karatasi ikapita. (Anayeuliza mbona siandiki namba hapa: zahanati wamekubali, gazeti bado.)

Yule mama wa chai aliipata namba yangu kwenye karatasi hiyo, na mumewe hajaja. Aliyekuja ni mwanamke mwingine, wa makamo, tukamjua kwa harufu kabla hajakaa. Anapika komoni. Anataka kuacha kunywa. Kuacha kupika hawezi, ana watoto watatu shuleni. Wenzangu wawili wanasema hatuwezi kukaa na anayetuuzia sumu. Mimi nilifungua mapokeo yale yale ya dereva, la tatu, linalosema sharti pekee la kujiunga ni nia ya kuacha kunywa. Halitaji kuuza. Na mimi ningekuwa mtu wa mwisho duniani kumfukuza.

Dereva akauliza swali la haki: mpika komoni atajuaje imeiva kama haonji? Nikajibu kwa niaba yake, kwa furaha, kwamba inasikilizwa. Mama yangu alitega sikio. Mwanamke yule alinicheka waziwazi. "Mwalimu, hiyo ilikuwa zamani. Komoni ya kusikiliza wateja wangeikimbia. Siku hizi anaonja mwanangu mkubwa."

"Ana miaka mingapi?" dereva akauliza.

"Kumi na sita."

Hapo ndipo tulipofikia Jumamosi iliyopita, na hakuna aliyesema asante akaendelea na yake.